Rufaa Iliyochelewa: Namna ya Kuiomba Mahakama Kuu Kigoma Ikuongezee Muda

Aliyeshindwa shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, liwe la Kigoma au la Kasulu, ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku hizo zikipita, asiwasilishe rufaa yenyewe, kwa kuwa itatupwa hata kama hoja zake ni nzito. Aanze na maombi ya kuongezewa muda, yanayoungwa mkono na hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi yaliyoapiwa kuwa ni kweli. Sheria inaruhusu maombi hayo hata kabla muda haujaisha, nafasi ambayo wengi huiacha ipite bure.

Jaji ana hiari ya kukubali au kukataa, lakini hiari hiyo ina mipaka. Katika shauri la Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA (chama cha wanawake vijana Wakristo), Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mwombaji atoe sababu za kipindi chote alichochelewa, kuchelewa kwenyewe kusiwe kwa kupindukia, na aonyeshe bidii, si uzembe. Mahakama inaweza pia kuzingatia sababu nyingine nzito, hasa uvunjaji wa sheria unaoonekana wazi katika kumbukumbu za shauri, kwa mfano baraza kusikiliza jambo lisilo na mamlaka nalo.

Sharti la kwanza ndilo linaloangusha wengi, kwani hata siku moja ya kuchelewa hudaiwa maelezo. Tuseme mkulima wa Uvinza alilazwa Hospitali ya Maweni wiki tatu, kisha akafungua maombi miezi miwili baada ya kuruhusiwa: nyaraka za hospitali zitazieleza zile wiki tatu tu, na miezi miwili iliyobaki itamwangusha. Ni sharti kali, lakini naliona la haki, maana aliyeshinda naye anastahili kujua kama shamba ni lake ili alime. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kiapo, panga tarehe zote kuanzia siku ya hukumu, siku ulipoomba nakala ya hukumu na siku ulipopewa, hadi siku ya kufungua maombi, na kila kipindi kiwe na ushahidi wake. Ukidai kwamba karani alikwambia nakala haijawa tayari, naye ale kiapo chake, la sivyo maneno yako yatahesabiwa kuwa ya kusikia tu kwa mtu mwingine, si ushahidi.

Kutojua sheria hakukubaliki kuwa sababu, na uzembe wa wakili kwa kawaida haukubaliki pia. Aliyekata rufaa ndani ya muda, ikaondolewa kwa kasoro za kisheria, husikilizwa kwa wepesi zaidi, ilimradi alirudi mahakamani upesi.

Kufungua maombi hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Kuusimamisha kunahitaji amri ya pekee ya mahakama. Ukikubaliwa, soma uamuzi uone umepewa siku ngapi na zinaanza kuhesabiwa lini, kisha wasilisha rufaa ndani ya siku hizo.