Jinsi ya kuandaa mpango wa mfuatano: kutoka shamba la mahindi hadi majaribio ya tiba

Wengi wetu tulifundishwa kupanga idadi ya sampuli kwanza, kuzikusanya zote, kisha kukaa na kuchambua. Mpango wa mfuatano unakwenda kwa njia nyingine: unapima kitu kimoja au kundi dogo, unalinganisha jumla uliyofikia na mipaka uliyoiandika mapema, na hapo hapo unachagua kukubali, kukataa, au kuendelea kupima. Idadi ya sampuli haijulikani mwanzoni. Kinachojulikana ni kanuni ya kusimama. Abraham Wald aliijenga nadharia hii mwaka 1943 akiwa katika kundi la wanatakwimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, lililofanya kazi za jeshi wakati wa vita, na ilifichwa hadi 1945.

Nitatumia mfano wa kazi ninayoifanya kila msimu, yaani ukaguzi wa viwavijeshi vamizi katika mahindi machanga. Wadudu hawa waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka uliofuata walikuwa wamekwisha kufika Tanzania na Kenya.

Hatua ya 1: Andika uamuzi unaotakiwa

Mkulima hahitaji kujua kama mimea iliyoshambuliwa ni 17 au 19 katika kila 100. Anahitaji kujua kama apulizie dawa leo au asubiri. Kiwango kinachotumiwa sana kwa mahindi machanga ni 20 kati ya 100, lakini mpango wa mfuatano hauwezi kujengwa juu ya namba moja. Unahitaji mbili, na nafasi katikati yake. Mimi huchukua 0.10 (mimea 10 katika kila 100) kuwa kiwango ambacho shamba liko salama bila shaka, na 0.30 kuwa kiwango ambacho kuchelewa ni hasara. Ukizisogeza namba hizi mbili zikaribiane, utapata uamuzi mkali zaidi kwa gharama ya kukagua mimea mingi zaidi.

Katika hatua hii hii andika maana ya mmea ulioshambuliwa. Kwangu ni mmea wenye majani yaliyokwanguliwa au kutobolewa karibuni pamoja na kinyesi kibichi, kinachofanana na unga wa mbao, kwenye moyo wake. Kovu la zamani pekee halihesabiwi.

Hatua ya 2: Kadiria uzito wa makosa

Kuna makosa mawili: kupulizia shamba ambalo halikuhitaji dawa, na kuliacha lililohitaji. La kwanza linamla mkulima fedha na kuua wadudu rafiki. La pili linamla mavuno. Nimeweka nafasi, yaani uwezekano, ya kila kosa kutokea kuwa 0.10, kwa sababu shamba linaweza kukaguliwa tena baada ya siku chache na kosa likarekebishwa. Usichukue 0.05 kwa mazoea tu. Namba hii ni hukumu kuhusu gharama, na anayeibeba gharama hiyo anapaswa kuulizwa kabla ya hesabu kuanza.

Hatua ya 3: Kokotoa mistari miwili

Mipaka yetu ni mistari miwili: idadi ya mimea iliyoshambuliwa ikishuka hadi mstari wa chini unaacha, ikifika mstari wa juu unapulizia. Hesabu yote inafanyika kwa kikokotoo chenye logi asilia (kitufe cha ln). Kwanza, tafuta logi ya (0.30 × 0.90) ÷ (0.10 × 0.70), ambayo ni 1.350; hapa 0.90 ni moja kutoa 0.10, na 0.70 ni moja kutoa 0.30. Pili, tafuta logi ya 0.90 ÷ 0.70, ambayo ni 0.251, ukiigawa kwa 1.350 unapata mteremko wa mistari, 0.186. Tatu, tafuta logi ya 0.90 ÷ 0.10, ambapo 0.90 ni moja kutoa nafasi ya kosa, na 0.10 ni nafasi ya kosa lenyewe. Jibu ni 2.197, na ukiigawa kwa 1.350 unapata 1.63, ambao ni umbali wa kila mstari kutoka katikati. Kwa idadi ya mimea n, mstari wa chini ni 0.186n − 1.63 na wa juu ni 0.186n + 1.63. Ikiwa nafasi za makosa yako mawili hazilingani, umbali wa juu na wa chini utatofautiana, na itakubidi ukokotoe kila mmoja peke yake.

Hatua ya 4: Geuza mistari kuwa kadi ya shambani

Hakuna anayekokotoa logi akiwa katikati ya mahindi. Kwa mstari wa chini, shusha jibu hadi namba kamili. Kwa mstari wa juu, lipandishe. Kadi yangu inasomeka hivi:

Mimea 10: acha ikiwa iliyoshambuliwa ni 0, pulizia ikiwa ni 4 au zaidi.
Mimea 20: acha ikiwa ni 2 au pungufu, pulizia ikiwa ni 6 au zaidi.
Mimea 30: acha ikiwa ni 3 au pungufu; pulizia ikiwa ni 8 au zaidi.
Mimea 40: acha ikiwa ni 5 au pungufu, pulizia ikiwa ni 10 au zaidi.
Mimea 50: acha ikiwa ni 7 au pungufu, pulizia ikiwa ni 11 au zaidi.

Idadi ikiangukia katikati, endelea hadi mstari unaofuata wa kadi. Kwa kanuni tupu mimea miwili ya kwanza ikiwa imeshambuliwa yote ingetosha kuamua, lakini siruhusu uamuzi wowote kabla ya mmea wa kumi, na sababu yake iko katika hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Chagua mimea kwa namna ambayo hesabu inaidhania

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Hesabu ya hatua ya 3 inadhani kuwa kila mmea unatoa habari yake yenyewe, ilhali nondo wa kiwavijeshi hutaga mayai kwa mafungu, na viwavi wachanga husambaa kutoka mmea mmoja hadi wa jirani. Mimea kumi iliyo bega kwa bega inaweza kuwa habari ya fungu moja la mayai. Kwa hiyo tembea kwa umbo la W, ukiacha hatua ishirini hivi kati ya mmea na mmea, ili hata mimea kumi ya kwanza iwe imelikata shamba zima, na uchague mmea kwa kuhesabu hatua, kamwe usiuchague kwa macho. Jicho huvutwa na jani lililotoboka.

Hatua ya 6: Weka dari

Shamba ambalo hali yake iko karibu na 0.20 linaweza kukuzungusha muda mrefu bila kugusa mstari wowote. Andika mapema kwamba ukifika mimea 50 bila uamuzi, utaondoka na kurudi baada ya siku tatu. Mashamba mengi hayafiki huko: kwa namba hizi mpango wa sampuli isiyobadilika ungehitaji mimea kama 24 katika kila shamba, wakati hesabu ya Wald inatoa wastani wa karibu 15 kwa shamba salama na 11 kwa shamba lililoshambuliwa sana. Ukiangalia kadi kila baada ya mimea kumi, wastani huo hupanda kidogo.

Hatua ya 7: Kuuhamishia mpango katika fani nyingine

Utaratibu ni ule ule. Kinachobadilika ni bei ya kosa na kasi ya majibu. Kiwandani, ambako kupima bidhaa mara nyingine ni kuiharibu, kila kipimo kilichookolewa ni fedha, na matokeo huonekana papo hapo. Katika majaribio ya tiba matokeo huchukua miezi, kwa hiyo data huangaliwa mara chache zilizopangwa, na kamati huru ya usalama ndiyo inayoziona, si watafiti wenyewe. Kila kuangalia kuna gharama yake: ukitumia kipimo cha 0.05 (yaani kukubali nafasi ya 0.05 ya kuona tofauti isiyokuwapo) mara tano bila kukirekebisha, nafasi ya kutangaza tofauti isiyokuwapo hupanda hadi karibu 0.14. Mwanatakwimu Pocock alionyesha mwaka 1977 kwamba kwa kuangalia mara tano, kila mara itumike 0.0158; wanatakwimu O'Brien na Fleming, mwaka 1979, walipendekeza mipaka iliyo mikali sana mwanzoni na inayolegea kuelekea mwisho. Kwa dawa mpya ningechagua hiyo ya pili, kwa kuwa ushahidi wa mwanzoni huwa mchache na kulisimamisha jaribio njiani ni jambo zito.

Mfano ulio karibu nasi ni majaribio ya tohara ya wanaume kwa kinga ya VVU, lile la Kisumu lenye wanaume 2,784 na lile la Rakai, Uganda, lenye 4,996. Desemba 2006 yote mawili yalisimamishwa kabla ya muda baada ya uchambuzi wa katikati kuonyesha kwamba tohara ilipunguza maambukizi kwa takribani nusu, na wanaume wa kundi la kulinganisha wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Bila kanuni iliyoandikwa kabla, wangeendelea kusubiri wakati jibu tayari lipo.

Hatua ya 8: Ripoti kwa ukamilifu

Andika namba mbili za hatua ya 1, nafasi za makosa, mipaka, dari, idadi ya mara ulizoangalia data, na mahali uliposimama. Usichukue 4 kati ya 10 na kuandika kwamba asilimia 40 ya shamba imeshambuliwa. Ulisimama kwa sababu namba ilikuwa kubwa, hivyo kadirio hilo huelemea juu, na tatizo hilo hilo huzikumba tiba zinazosimamishwa mapema. Msimu wangu wa kwanza nilijaza ripoti nzima kwa asilimia za namna hiyo, na mwenzangu alipoyakagua upya baadhi ya mashamba kwa sampuli kamili alikuta hali nafuu kuliko nilivyoandika. Uamuzi wa kupulizia ulikuwa sahihi katika mengi yake. Tangu hapo safu ya asilimia nimeiondoa katika fomu, na badala yake kuna safu mbili: uamuzi, na mmea wa ngapi ulifikiwa.