Namna ya kupiga "Despacito" kwa gitaa moja

Napiga gitaa kwenye hoteli moja ya Kiwengwa, na hakuna wimbo ninaoombwa na wageni kama huu. Ni wa mwimbaji Luis Fonsi wa Puerto Rico, ulitoka Januari 2017. Mwaka huohuo ukakaa wiki 16 kileleni mwa chati kuu ya Marekani, ambako tangu wimbo wa Macarena wa 1996 Kihispania hakikuwa kimeshika namba moja. Mpaka leo nikiuanza, watu wanaacha sahani zao.

Mkono wa kushoto hauna tabu. Kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ni nne tu: Bm, G, D, A, zinazunguka mwanzo hadi mwisho. Kama Bm inakuumiza kidole, funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya pili, ushike Am, F, C, G. Ni kitu kilekile.

Kazi iko kulia. Mdundo huu unaitwa dembow. Ulizaliwa Jamaika, ukapitia Panama, ukakomaa Puerto Rico. Hesabu mpaka nane. Kidole gumba kwenye besi kinapiga moja na tano, vidole vingine vinacharaza nne na saba. Zungusha hivyo mara mbili kwa kila kodi. Kijana ninayemfundisha alikuwa anacharaza tatu na saba, ikawa gwaride. Nikamwambia weka gitaa chini, piga kwanza kwa mguu na paja. Siku ya tatu mabega yake yakaanza kucheza yenyewe, nikajua tayari. Mwendo ni mapigo 89 kwa dakika, kila pigo likibeba hesabu nne; usiongeze hata kidogo.

Sasa pale penyewe. Kabla ya kiitikio mdundo unakatika na neno linavunjwa vipande: des... pa... cito. Mwaka mzima nilikuwa napapita mbio, nikidhani kimya kitawapoza watu. Usiku mmoja mama mgeni kutoka San Juan, Puerto Rico, akaja mbele, akaweka kiganja chake juu ya nyuzi zangu. Akaimba silabi moja moja, ukumbi mzima umetulia, kisha akauondoa mkono. Niliporudi na Bm watu walipiga kelele. Tangu hapo naziba nyuzi kwa kiganja, navuta pumzi, ndipo narudi.

Ni lazima ujue unachoimba. Despacio ni polepole. Hiyo -ito inalilainisha neno, kama sisi tunavyovuta "taratiiibu". Luis Fonsi na Erika Ender wa Panama waliandika mapenzi yasiyo na haraka, kisha rapa Daddy Yankee akaongeza ubeti wake. Naamini ndiyo maana wimbo hauchuji: mdundo unakusukuma ucheze, maneno yanakuambia subiri.

Matamshi hayatakusumbua, maana irabu zao ni tano zetu zilezile. Que soma "ke". J itoe kooni, kama kh ya Khamisi. H usiitamke.

Zile nyuzi kali za mwanzoni ni kuatro, gitaa la Puerto Rico lenye nyuzi kumi, mbilimbili. Kwa gitaa la kawaida, dona karibu na daraja la chini, sauti inakuwa nyembamba kidogo.

Ukifika kwenye "pasito a pasito" acha kodi kabisa. Wageni wataimba wenyewe, hata wasiojua neno jingine la Kihispania. Wewe gonga ubao wa gitaa kwa vidole: nne, saba, nne, saba.