Kuchagua kufuli za kufungia mashine kabla ya matengenezo

Anza na tundu la swichi kuu, ambamo kufuli hupita ili swichi ibaki imezimwa: lipime. Upinde wa kufuli wa milimita 6 huingia kwenye swichi nyingi. Ukiwa mwembamba mno, mkono wa swichi hucheza na unaweza kurudi kwenye kuwasha. Karibu na nyaya za umeme, chagua kufuli yenye mwili wa plastiki.

Kitufe cha dharura hakitoshi kamwe, kwa sababu kwa kawaida hukata saketi ya kuongozea tu na umeme mkuu unabaki.

Mafundi wakiwa wengi, weka kwenye tundu la swichi komeo lenye matundu 6 ya kufuli, kila mmoja na kufuli yake na ufunguo wake mfukoni. Vali zifungwe pia, kisha toa hewa iliyobaki kwenye mabomba. Mwisho bonyeza kitufe cha kuwasha: mashine isiitike.