Nyota ni za mlango, si za mpishi: kutafuta pa kula Ealing Road, Wembley

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi London, au unayepokea wageni kutoka nyumbani, na unataka kula vizuri bila kuliwa wewe. Nazungumzia Ealing Road, barabara inayoanzia upande wa stesheni ya Alperton hadi High Road, karibu na Wembley Central. Ni mtaa wa Wahindi, wengi wao Wagujarati, na wengi kati yao walipitia kwetu: Kampala kabla ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972, Nairobi, Mombasa, Dar. Ndiyo maana menyu zina mogo, yaani mihogo ile ile ya kukaanga, na bhajia za viazi za mtindo wa Maru, kama za Nairobi. Mswahili hapotei hapa. Anachopoteza ni pesa, kwa sababu amefuata nyota.

Nyota za kwenye ramani ya simu zimefungwa kwenye jina na anwani. Mgahawa ukiuzwa, mwenye mpya anaweza kuacha jina lile lile na bango lile lile, na nyota za miaka sita zikabaki pale pale. Mpishi aliyezichuma kashahamia Harrow au Leicester. Wewe unaona 4.7 na maoni elfu moja, unawapeleka wageni kumi, mnaletewa chakula cha mtu msiyemjua. Narudia, maana mtego huu umewala wengi: nyota ni za mlango, si za mpishi.

Dawa yake ipo, na ni ya bure. Fungua ukurasa wa alama za usafi wa Food Standards Agency, idara ya serikali inayosimamia usalama wa chakula, andika jina la mgahawa na posikodi. Kila mgahawa hupewa alama kuanzia 0 hadi 5 baada ya bwana afya wa halmashauri, hapa ni Brent, kuukagua. Watu wengi hutazama namba wakafunga. Usifunge. Soma tarehe ya ukaguzi. Soma pia kama imeandikwa kwamba biashara inasubiri kukaguliwa. Anayefungua au kuchukua biashara ya chakula anatakiwa kujiandikisha halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, kisha anakaa akisubiri bwana afya. Kwa hiyo mgahawa wenye maoni elfu kwenye ramani, na huku bado "unasubiri ukaguzi", huenda una mwenyewe mpya. Si lazima uwe mbaya. Ila zile nyota hazimhusu, na maoni ya mwaka juzi usiyasome kabisa.

Namba yenyewe isikulevye. 5 inasema jiko ni safi na daftari ziko sawa. Haisemi kitu kuhusu chumvi. Ukikuta 3, angalia vipengele vitatu vilivyo chini yake: namna chakula kinavyoshikwa, usafi wa jengo, na usimamizi. Kama kilichowaangusha ni usimamizi tu, mara nyingi ni habari ya makaratasi. Ikiwa 2 kushuka chini, pita. Na usidanganywe na mlango usio na stika ya alama hiyo: Wales na Ireland Kaskazini sheria inalazimisha kuibandika, England hailazimishi. Mwenye 5 huibandika usawa wa macho yako. Mwenye 1 utamtafuta mwenyewe kwenye simu.

Sasa maoni. Yapange kwa tarehe, mapya yatangulie, usome ya miezi mitatu ya mwisho tu. Ukiona mengi ya wiki moja, mafupi, yote nyota tano, yote yanamsifu mhudumu kwa jina, jua yameombwa mezani, pengine pamoja na kulfi, aiskrimu ya Kihindi, ya bure. Tangu Aprili 2025 sheria ya Uingereza inapiga marufuku maoni bandia na maoni yaliyolipiwa kwa kificho, lakini sheria haikai mezani na wewe. Maoni yenye faida zaidi ni ya nyota tatu. Mwingereza ana tabia yake: mhudumu akimuuliza chakula kikoje, atajibu kizuri sana huku nusu sahani imebaki, akifika kwake ndipo anamwaga yote. Kwetu ungemwita mwenye hoteli papo hapo, mkayamaliza. Huku ukweli unaandikwa usiku, kimya kimya, pamoja na maelezo kwamba chapati zilikuja baridi na dengu ilikuwa maji.

Mtego huu una mdogo wake: programu za kuletewa chakula. Jiko moja linaweza kuuza humo kwa majina matatu, moja la biriani, moja la baga, moja la mabawa ya kuku. Kabla hujabonyeza, fungua maelezo ya muuzaji, chukua anwani, itafute kwenye ule ukurasa wa usafi. Majina matatu kwenye anwani moja, na lililoandikishwa ni la nne: acha.

Ukimaliza simu, nenda kwa miguu. Mchana wa Jumamosi au Jumapili, watu wakitoka hekaluni, tazama ni wapi bibi mwenye sari amekaa na wajukuu. Ingia, agiza sahani moja ya mogo na chai, basi. Mogo nzuri imechemshwa kwanza ndipo ikakaangwa: kingo zimepasuka, ndani ni unga. Ikiwa ngumu katikati, ina nyuzi, na inanukia mafuta ya juzi, lipa uondoke; umepoteza paundi chache badala ya mia na hamsini. Chai iwe imechemshwa na maziwa na tangawizi. Wakikuletea kikombe cha maji na pakiti ya majani, hiyo si chai iliyopikwa jikoni kwao.

Wageni wetu tuwaambie mapema, kwa upole. Sehemu nyingi za barabara hii ni za mboga tupu, nyingine hazipiki hata kwa kitunguu. Shemeji asisimame kumuuliza mhudumu kuku yuko wapi. Anayetaka nyama ya halali asitosheke na neno lililobandikwa dirishani. Aulize cheti ni cha nani. Mashirika mawili yanayotoa vyeti hivyo ni HMC na HFA: HMC hawakubali mnyama azimishwe, yaani apotezwe fahamu, kabla ya kuchinjwa, HFA wanaruhusu uzimishaji usiomuua. Chagua unachokiamini, na utazame tarehe ya cheti.

Meza ya watu kumi mkija sita, baadhi ya migahawa hukata faini ya kila asiyefika kwenye kadi uliyoandikisha. "Tuko njiani" haitambuliki hapa. Na muombe maji ya bomba, msione haya: wenye leseni ya pombe wanalazimika kuyatoa bure.

Bili isomwe kabla mashine ya kadi haijafika. Asilimia 12.5 ya huduma mara nyingi imeshaingizwa, hasa mkiwa sita na zaidi. Ikiandikwa ni ya hiari, unaweza kuomba itolewe. Ukiiacha, mashine ikiuliza bakshishi tena, bonyeza hapana. Tangu Oktoba 1, 2024 mwajiri anatakiwa kuwapa wafanyakazi hela hiyo yote, kwa hiyo kutoa mara moja kunatosha.

Mwenye gari aangalie kwanza ratiba ya uwanja wa Wembley. Siku za mechi na matamasha, mitaa mingi inayouzunguka huegesha wenye kibali tu, na tiketi ya faini inaweza kuipita bili ya chakula.