Jinsi ya kuhesabu kloni za viroboto maji bila kujidanganya

Ukichota dafnia, yaani kiroboto maji, kwa dam yoyote huku Njoro utapata mamia, shida ni wanaeza kuwa mama mmoja tu na makopi yake (hiyo ndo kloni, wote jeni moja), juu majike huzaa bila dume. Usidharau hiyo kopi. Naivasha kuna kloni moja ya Marekani, inadhaniwa ililetwa miaka ya 1920 pamoja na samaki wa bass, ikasambaa Afrika na kufukuza ndugu yake wa kienyeji.

Chota sehemu kadhaa, kando na katikati, halafu watie kwa ethanoli ya 96%, kesho yake uibadilishe. Ile spirit ya zambarau ya dukani wachana nayo. Kila mdudu tyubu yake. Ukiona mwenye kifuko cheusi mgongoni kama tandiko la punda, kitoe kwanza, mayai ya humo mara nyingi yana jeni za baba na yatakuvurugia. Mayai ya kawaida hayana neno, ni kloni ile ile.

Kutoa DNA si kazi, dafnia mmoja anatosha, mchemshe kwa sodiamu haidroksaidi kidogo nyuzi 95 kisha utie Tris, dawa ya kutuliza hiyo sodiamu.

Sasa maka, yaani alama za DNA za kutofautisha mdudu na mdudu. Jeni za mitokondria hutoka kwa mama peke yake, zitakuonyesha ukoo lakini kloni mbili za ukoo mmoja hazitazitenganisha, kwa hivyo tumia mikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, ongeza moja moja mpaka idadi ya kloni iache kupanda. Na rudia sampuli chache kuanzia mwanzo, tafadhali. Mimi nilishawahi kushangilia kloni tatu mpya, kumbe ni alili moja (toleo moja la maka) iligoma kutokea kwa PCR, ile njia ya kunakili DNA, nikarudia zikayeyuka zote.

Hesabu yenyewe: toa moja kwa idadi ya kloni, toa moja kwa idadi ya wadudu, gawanya. Wadudu 40 kloni 6 ni 5 kwa 39, kama 0.13, hapo kopi zimejaa. Tofauti ya jeni kati ya dam na dam ihesabu raundi mbili, kwanza na wadudu wote halafu na mmoja kwa kila kloni, uripoti zote. Na ukikuta karibu kila mdudu ana alili mbili tofauti kwa maka ile ile, usiseme mashine imeharibika, kloni ndo huwa hivyo.

Dam ikikauka ikajaa tena na mvua ya Aprili, rudi uchote upya, mayai ya vile vifuko vyeusi yaliyolala matopeni yatakuwa yameanguliwa na ile orodha yako ya kloni haitakuwa ile.