Jinsi ya kutengeneza data ya jini za maharage ambayo wenzako wataitumia kweli

Kama unataka kukusanya sikwensi (mpangilio wa herufi) za jini za maharage, yaani gene zinazobeba urithi, iwe kwa thesisi au kwa mradi wa mbegu, anza na mbegu jamani, mashine ya kusoma sikwensi itakuja baadaye. Maharage ya sokoni mengi ni mchanganyiko, Rwanda na Kivu kuna wakulima wanachanganya makusudi kabisa, sasa ukiotesha kopo zima ukachuma majani ukayapa jina moja umeshawachanganya watu. Chukua mbegu moja, ioteshe, vuna, otesha hizo ulizovuna tu, harage linajichavusha lenyewe mara nyingi kwa hiyo vizazi vichache vinakupa mimea inayofanana. Zilizobaki zitunze na namba yake, maana kesho mtu atataka kuipanda hiyo hiyo.

Jua pia maharage yako ni ya upande gani. Yalianza kulimwa sehemu mbili, Andes na Mexico, kila upande kivyake. Rosecoco na Lyamungo 90 zenye punje kubwa ni za Andes. Jenomu, yaani seti nzima ya urithi, ya G19833, harage la Peru, ilitoka 2014, ina kromosomu 11 na jini 27,197, unaipakua bure Phytozome, tovuti ya jenomu za mimea. Kama yako ni ya upande wa Mexico linganisha na jenomu ya BAT93 pia, harage la upande huo, la sivyo baadhi ya vipande vya sikwensi zako vitakosa pa kukaa.

Sasa sampuli, hapa ndo pa kutulia. Ukitafuta jini za kupambana na magonjwa ya fangasi kama chule au kutu, utasoma RNA, yaani nakala za jini zinazofanya kazi wakati huo, kwa hiyo weka mimea iliyopuliziwa vimelea na mingine iliyopuliziwa maji tu, angalau mitatu mitatu kwa kila muda wa kuchuma, na uchume saa ile ile ya siku kwa sababu jini nyingi zinafuata saa. Chukua jani changa, lililokomaa lina kemikali zinazogoma kuachana na RNA. Likichumwa tu liingie kwenye nitrojeni ya maji (gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika), kinu na mchi navyo vipoe kwanza, saga mpaka upate unga mkavu wa kijani iliyopauka kama unga wa mlonge, ukiona unaanza kulowana na kukolea rangi ujue umeyeyuka, RNA inakatika hapo hapo, tupa uanze upya. Tunza kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Lebo andika kwa penseli au kalamu isiyofutika na spiriti, utepe wa karatasi unabanduka kwenye baridi ile.

RNA ikitoka ondoa DNA iliyobaki, pima, RIN, alama ya uzima wa RNA kati ya 1 na 10, ikiwa chini ya 7 mimi nashauri urudie, usimlipe mtu wa sikwensi kwa RNA iliyokatika.

Data ikirudi ikate vipande vibovu, toa RNA ya ribosomu, na kwenye sampuli zenye ugonjwa tenga ya fangasi usije ukaitangaza kuwa jini ya harage. Kuunganisha vipande viwe jini kamili kuna programu za bure nyingi, hapo omba msaada wa mtu mwenye seva, laptopu itakufia.

Mwisho pakia faili ghafi NCBI, hifadhi ya wazi ya sikwensi ya Marekani, jaza jina la aina, namba ya benki ya mbegu, sehemu ya mmea, umri, saa na ugonjwa, usiache boksi tupu. Na usisubiri pepa itoke ndo upakie, pakia sasa uweke tarehe ya kufunguliwa.