Kwenda baharini kuutua moyo: ninavyofanya mie hapa Tanga

Usipange kwa Jumapili, panga kwa mwezi. Watu wanakwenda Raskazone Jumapili jioni, wanarudi na mchanga nguoni na kelele za spika masikioni, halafu wanasema bahari haiwasaidii kitu. Bahari ina siku zake. Kwa shughuli hii mie nataka bamvua, yaani maji makubwa, na bamvua huja mara mbili kila mwezi: unapoandama na unapokuwa mpevu. Ukifuata kalenda ya Kiislamu huna haja ya kuuliza mtu. Mwezi 15, 16 na 17, yaani tarehe za kalenda hiyo, na tena mwezi 1 mpaka 3, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi 8 au 22 ni maji mafu, yanasogea kidogo yanarudi kidogo. Siku hizo mie nabaki na cherehani yangu.

Wenye kufunga masiku meupe, yaani 13, 14 na 15, wameshapata matayarisho bila kujua. Siku tatu umefunga, mwili umekuwa mwepesi, ulimi umetulia. Mwezi 16 bamvua imekolea, unatoka. Usipofunga si kitu, ila usiku ule kula kidogo na ulale mapema.

Saa nazo zina mpango wake. Siku za bamvua, pwani yetu hii maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja alfajiri, yakapwa kabisa saa nne asubuhi na ushei, yakarudi kujaa jioni. Kila siku inayofuata huchelewa karibu saa nzima. Kwa hiyo ukishaswali alfajiri ukatoka, unayakuta ndiyo kwanza yanaanza kuondoka, na una asubuhi nzima ya kwenda nayo.

Mahali? Raskazone si pabaya siku ya kazi, na kutoka Ngamiani ni baiskeli tu. Lakini nikiwa na zito nakwenda Tongoni, kilomita 17 hivi kwa barabara ya Pangani. Pale pana magofu: msikiti uliobaki kuta, na makaburi zaidi ya 40 yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Nguzo zake nyingi zimelala chini. Ukiinama kuzitazama utaona vishimo vya duara, mlimokuwa mmepachikwa bakuli za kaure zilizoletwa na majahazi. Lipa kiingilio, ingia, wasomee Fatiha watu hao usiowajua. Mtu mwenye msiba mpya akikaa dakika chache kati ya misiba ya miaka mia tano, sita, pumzi yake hubadilika, hilo nimeliona. Wapo wanaoweka ubani na kumwaga marashi juu ya makaburi wakiomba haja zao. Mie simo humo, na sigombani na mtu.

Kisha shuka pwani, upande wa mikoko. Vaa viatu vya mpira vinavyobana, kandambili zitabaki kwenye tope. Simu mwachie mtu, au izime uitie chini kabisa ya kikapu. Ukifika majini buruza miguu, usiinue, maana samaki taa hujifukia mchangani na mwiba wake hausemeki. Kwenye matumbawe jihadhari na wale wadudu wa bahari wa miiba myeusi.

Sasa fuata ukingo wa maji. Yakirudi hatua kumi, nawe hatua kumi, usiyatangulie. Chagua uradi mmoja mfupi, neno la kumtaja Mola unalolirudia, ukae nao. Jirani yangu Mkatoliki huja na rozari yake, tunatembea tukiwa tumeachana kama uwanja wa mpira, kila mtu na lake. Usiharakishe. Tazama mchanga unavyobaki na mikunjo, na vikaa vinavyotoa kichwa, vikikuona vinazama, vikingoja vinatoka tena. Ukikutana na akina mama wanaookota tondo au wanaotafuta pweza kwa chuma, wape salamu yao kamili, uulize hali ya nyumbani. Usiwapige picha. Wako kazini.

Ukifika mbali, ambako mtu wa pwani hakusikii, sema. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Wanasimama, wanaomba dua nzuri za kukariri, wanarudi na lile lile kifuani. Mie nilipotoka eda nilikuwa na maneno ambayo siwezi kuyasema nyumbani mbele ya watoto, wala mbele ya mawifi. Niliyasema kule, kwa Kiswahili cha jikoni, na hasira zake. Mola anajua, hakuna la kumficha, na upepo wa kusi unavuma kiasi kwamba hata wewe mwenyewe hujisikii vizuri. Taja jina la mtu. Taja deni. Lia kama kuna kilio. Halafu nyamaza, muda mrefu kuliko uliosema.

Kuna kipindi kifupi maji husimama, hayaendi wala hayarudi. Mie hapo hutawadha kwa maji ya bahari, yanafaa kwa udhu, natandika kanga juu ya fungu la mchanga naswali dhuha. Mahali unapoweka paji la uso, alfajiri palikuwa na maji ya kumzamisha mtu mzima.

Ukitoa salamu, rudi. Usiongeze dakika. Maji yakigeuka hayakufuati kwa mbele tu, huanza kujaza mifereji iliyo nyuma yako kati ya fungu na pwani, na asiyejua kuogelea hunaswa akiwa bado anaona mchanga mkavu miguuni. Mara ya kwanza nenda na mwenyeji, na nyumbani aga ukitaja saa ya kurudi.

Miezi ya kusi bahari ni chafu na mwani umejaa pwani, ila kwa kulia ni nzuri. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, maji huwa maangavu lakini jua linachoma, chukua maji ya kunywa na mtandio mkubwa.

Kabla ya kufika nyumbani nunua samaki kwa mvuvi aliyetia nanga. Usimpunguzie bei siku hiyo. Gawa fungu mbili, moja lako, moja la mtu ambaye hamjasemezana vizuri, umpelekee mwenyewe mlangoni kabla hajapika mchana. Na kama ulikwenda kwa baiskeli, isuuze kwa maji ya bomba siku ile ile, mnyororo uutie oili.